Jino

Kwenye kibao cha mlangoni jengo letu linaitwa kiatamizi,
jina lililonichekesha siku ya kwanza,
maana kuku nawajua. Mama anao wanane
kule Budadiri, na hakuna hata mmoja
aliyewahi kudai ripoti kila Ijumaa.

Ghorofa ya tatu, Mbale, juu ya duka la mabati.
Meza kumi na mbili, mtandao wa bure,
jenereta inayokohoa umeme ukienda,
na ukutani, kwa rangi ya machungwa:
SHINDWA HARAKA.
Aliyeyaandika hayo hadaiwi ada ya shule.

Nilipewa meza ya saba, karibu na choo,
na miezi sita.
Kuku hupewa siku ishirini na moja,
lakini kuku haambiwi alibuni yai.

Ninachounda ni kidude cha kupima unyevu wa kahawa.
Ukubwa wa kiberiti, betri mbili, taa tatu.
Unakichomeka ndani ya gunia, unasubiri,
kinakwambia kama buni imekauka
au mnunuzi atakukata bei mbele za watu.

Mama hakuhitaji kidude.
Alichukua punje, akaiweka baina ya magego,
akauma, akasikiliza.
"Bado siku mbili," alisema. Au: "Funga gunia."
Miaka thelathini hakukosea;
majirani walimjia na punje viganjani
kama waendao kwa mganga.
Kisha gego la kulia likang'oka,
mwaka uliofuata la kushoto,
na msimu ule magunia manne yakaota ukungu.
Hakulia. Alisema tu,
"Mdomo wangu umezeeka kabla yangu."

Hayo sikuyasema jukwaani.
Mshauri wangu, Kitutu, alinionya: dakika tatu,
tatizo, suluhisho, soko, fedha.
"Mama usimtaje, watadhani ni mradi wa nyumbani."
Basi nikataja asilimia.
Wageni wakatikisa vichwa, mmoja akauliza,
"Na kikienea nchi kumi?"
Nikajibu habari za nchi kumi,
moyoni ningali Budadiri, nikiwaza
namna ya kuzuia kidude kisife mvua ikinyesha.

Mayai mengine yalitoka viza, tusifichane.
Wandeba na programu yake ya mizigo ya bodaboda
aliondoka mwezi wa tatu, akaacha kikombe
na deni la chapati kwa Nambuya wa chini ya ngazi.
Apiyo na Adongo, mapacha wa Tororo, walipata fedha,
wakahamia Nairobi. Mmoja amerudi.
Meza ya tano imekaliwa na watu wanne kwa mwaka mmoja.
Hufutwa kila Jumatatu,
na hakuna aulizaye maganda yalitupwa wapi.

Ila siwezi kulitukana joto lililonilea.
Hapa ndipo Kitutu alipokesha nami, umeme umekatika,
simu kaiuma kwa meno ili inimulikie
nikilehemu waya mwembamba kama unywele wa kichanga,
mate yakimchuruzika kidevuni.
Kwa saa zile hakuna aliyekuwa akimlipa.

Jumapili nilipeleka nyumbani nakala ya tisa.
Nikaichomeka guniani. Taa ikawaka kijani.
Mama akaitazama, asiseme neno,
akachukua punje, akaiweka juu ya ufizi mtupu,
akabonyeza polepole, macho kayafumba.
Tukangoja, mimi na kidude.

"Bado siku moja," akasema.

Nilirudi mjini na kikopo cha punje zile,
nikaomba tanuri ya maabara ya chuo,
nikazikausha, nikazipima, nikazipima tena.
Sitaandika hapa ni nani aliyekosea.
Niseme tu nimefungua kidude upya,
skrubu zote nne ziko kwenye kisoda.

Muda wangu unakwisha Ijumaa.
Fomu ya mwisho ina visanduku viwili.
Jina la bidhaa: nimejaza, Jino.
Hali ya bidhaa:
nimejaza, bado siku moja.